Mgongo wa lakiri: siku kumi kutoka Maskati hadi Lothal

Siku ya 1, Jumamosi. Maskati

Shangazi alinipokea uwanjani na kopo la vitumbua, kama aliyekuja kumpokea mwanawe anayetoka jela. Ameishi Seeb, pembeni ya Maskati, zaidi ya miaka arobaini lakini Kiswahili chake kingali cha Ng'ambo ya Unguja, hakijapauka hata kidogo. Nilipomwambia nitalala kwake siku tatu kisha niende Bahareni na India kutazama madonge ya udongo, alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, kwani udongo kwetu umekwisha?"

Nikamweleza, na nieleze hapa pia. Mimi ni wakala wa forodha, natoa mizigo ya watu bandarini Dar es Salaam. Mwaka juzi kontena la mteja wangu lilikaa siku 23 kwa sababu namba ya lakiri iliyofungwa mlangoni ilipishana kwa tarakimu moja na ile iliyoandikwa kwenye hati. Lakiri haikuguswa, mzigo ulikuwa kamili, ila pa saba palikuwa na moja. Aliyekosea kuandika hajajulikana hadi leo. Aliyelipa alijulikana siku hiyo hiyo. Katika kungoja kule ndiko nilikoanza kusoma, nikijiuliza ni nani huyu wa kwanza aliyefunga mzigo, akaupiga alama, akasema asiufungue mwingine.

Ni wa zamani kuliko karani. Huko Arslantepe, mashariki ya Uturuki, zimefukuliwa lakiri za udongo zaidi ya 2000 za kabla ya mwaka 3000 KK, mahali ambapo hapakuwa na maandishi yoyote. Watu walikuwa wanasimamia ghala bila kujua kuandika.

Nitatumia maneno mawili, yasichanganywe. Muhuri ni kile kijiwe kilichochongwa, mtu anakitungia uzi na kukivaa. Lakiri ni donge la udongo mbichi linalobandikwa juu ya fundo la kamba, kisha muhuri unagandamizwa juu yake. Udongo ukikauka, hufungui kamba bila kuuvunja. Muhuri ndio unaopendwa na makumbusho kwa sababu ni mzuri. Lakiri ni tonge tu. Lakini ina pande mbili: usoni picha ya muhuri, na mgongoni alama ya kitu kilichofungwa, iwe mkeka, nguo, shingo ya mtungi au kamba. Katika miaka ya 1960 mtafiti wa Kiitaliano, Enrica Fiandra, alipokuwa akishughulikia lakiri za Phaistos kule Krete, ndiye aliyewasumbua wenzake wazigeuze waangalie mgongo. Wakagundua kuwa nyingi hazikufunga mizigo hata kidogo, zilifunga milango.

Safari hii ni ya migongo. Shangazi alisikiliza yote hayo, akaniongezea chai.

Siku ya 2, Jumapili. Sur

Binamu yangu alijitolea kuendesha. Kilomita 200 hivi za barabara ya pwani, mlima mkono wa kulia, bahari mkono wa kushoto, na mazungumzo ni ya mpira tu.

Sur ni mji wa majahazi. Palipo na Fatah al-Khair, jahazi la aina ya ghanja iliyoundwa hapa mwaka 1951 na kununuliwa tena kutoka Yemen mwaka 1993, nilisimama kwa muda mrefu. Tezi yake imechongwa kama mlango wa Mji Mkongwe. Karibu yake palikuwa na mzee amekaa kivulini, na aliposikia tunavyozungumza akatusalimu kwa Kiswahili safi. Alikuja Unguja mara mbili na chombo cha baba yake, bado mtoto, kwa msimu wa kaskazi. Nilimuuliza makanda ya tende walikuwa wakiyatambuaje, ya nani ni yapi.

"Kwa alama ya rangi," alisema. "Lakini alama mtu huiga. Kanda ukilifungua ukalishona tena, ukili wenyewe unakusema."

Niliandika maneno hayo papo hapo, binamu akiwa ameshawasha gari.

Sur pia ndiko kulikotoka mashua ya matete mwaka 2005. Watafiti waliiunda kwa matete, kamba na lami, kwa mfano wa vyombo vya zama za shaba, wakaipa jina Magan. Hilo ndilo jina ambalo watu wa Mesopotamia, Iraki ya leo, waliiita nchi hii iliyowauzia shaba. Ilikusudiwa ifike Gujarat. Haikuchukua muda ikaanza kuingiza maji, mabaharia wote wakaokolewa, chombo kikaenda chini. Binamu aliona hiyo ni hoja tosha kuwa watu wa kale hawakusafiri hivyo. Mimi naona ni hoja kuwa walijua kitu ambacho sisi tumekisahau, na kitu hicho kiko Ras al-Jinz.

Siku ya 3, Jumatatu. Ras al-Jinz

Saa kumi alfajiri tulikuwa ufukweni kutazama kasa. Mmoja alikuwa anafukia mayai yake, anarusha mchanga kwa makasia yake mpaka ukatupiga usoni. Wageni wote walinong'ona kama wako msikitini. Ni jambo la kupendeza, lakini sikulifuata mimi.

Nyuma ya ufuko huo huo, wanaakiolojia Maurizio Tosi na Serge Cleuziou walianza kuchimba mwaka 1985. Walikuta vijumba vya matofali ya udongo vya miaka 2500 hadi 2200 KK hivi, na ndani yake mapande ya lami zaidi ya 300. Lami haipatikani hapa. Ile ilitoka Mesopotamia, ililetwa kwa chombo, kisha chombo kilipochakaa ilibanduliwa na kuhifadhiwa ndani ili iyeyushwe ipakwe tena. Hakuna tofauti na mafundi wetu wa madau wanavyokwangua na kupaka deheni upya, ila deheni ni mafuta na chokaa, na hii ni lami.

Kila kipande kina pande mbili. Upande mmoja umebeba alama za matete yaliyofungwa matita, mikeka, kamba, na kwingine mbao zilizoshonwa. Upande wa pili una vile viganda vidogo vyeupe vinavyong'ang'ania tumbo la chombo kikikaa majini. Vyombo vyenyewe vimeoza vyote, hakuna hata kijiti. Kilichobaki ni kitu laini kilichobanwa juu ya kamba kikakauka. Kwa maneno mengine, ni lakiri, ila iliyofungwa ni mashua nzima.

Niliwaza mtepe wetu, ulioshonwa kwa kamba ya usumba bila msumari. Mtepe haupo tena majini, na tungekuwa tumepaka lami badala ya deheni, pengine wajukuu wangeokota mishono yake Lamu. Si kwamba mtepe ni mtoto wa mashua za Magan. Ni zaidi ya miaka 3000 kati yao, na sitaki kuunga udugu usiokuwapo. Nasema tu kuwa macho yangu yaliutambua mshono.

Pamoja na lami kulikuwa na vigae vya vyombo vya Bonde la Indus, yaani Pakistan na magharibi ya India ya leo, kimoja kimekwaruzwa herufi za huko, na muhuri wa shaba wenye herufi hizo hizo. Kijiji cha wavuvi kwenye ncha ya Uarabuni, chenye watu wanaokaanga samaki na kubandua lami, kilikuwa na mtu anayebeba muhuri wa ng'ambo ya bahari.

Siku ya 4, Jumanne. Maskati hadi Manama

Hakuna safari ya Maskati isiyo na mzigo wa watu. Shangazi amenipa furushi la mama yangu: udi, halua ya kopo, kitambaa cha kanzu. Amelishona kwa gunia jeupe, kisha akalizungushia kamba na kupiga mafundo.

"Saba," akasema. "Nitampigia simu wifi yangu nimwambie saba."

"Huniamini, shangazi?"

"Wewe nakuamini. Siwaamini huko unakopita."

Siku ya 5, Jumatano. Manama

Makumbusho ya Taifa ya Bahareni yalifunguliwa mwaka 1988, yako ufukweni, na kwa mtu wa forodha ni mahali pa kupotelea siku nzima. Bahareni ndiyo Dilmun. Sargon wa Akkad, mfalme wa Mesopotamia wa miaka ya 2300 KK, alijisifu kuwa vyombo vya Meluhha, vya Magan na vya Dilmun vilifunga gati la mji wake. Meluhha ni Bonde la Indus, Magan ni Omani, na Dilmun hapa katikati, ambapo mzigo ulibadilisha mikono.

Mihuri ya Dilmun ni ya mviringo, ukubwa wa kifungo cha koti. Nyuma ina kibandiko kilichokunwa mistari mitatu na vijiduara vinne vyenye nukta. Usoni kuna swala, mitende, ng'ombe, na watu wawili wanakunywa kwa mirija kutoka mtungi mmoja. Nilicheka peke yangu. Kama hawa si wafanyabiashara waliokubaliana bei, sijui ni nani.

Lakiri zilizokuwa kabatini zote zimelazwa chali, uso juu. Hakuna hata moja iliyogeuzwa. Nilikuwa na picha nilizozichapisha nyumbani, nikawa natazama kabati, natazama karatasi, mpaka mlinzi akanikaribia kuona nafanya nini.

Mojawapo ya picha hizo haihusu Bahareni. Ni ya lakiri iliyopatikana Umma, kusini mwa Iraki, sasa iko makumbusho ya Ashmolean, Oxford. Usoni ina mnyama wa pembe moja na maandishi ya Indus. Mgongoni kuna alama ya nguo iliyofumwa. Nguo yenyewe imekufa zaidi ya miaka 4000 iliyopita. Lakini lile ni robota, limefungwa na mtu wa Meluhha, likakatwa kamba Mesopotamia, na donge likatupwa. Kwangu mimi hati ya kusafirishia mzigo iliyo kongwe kuliko zote ni hiyo.

Kuna na bwana mmoja wa Ur, mji wa Mesopotamia, Ea-nasir, aliyekuwa akija Dilmun kununua shaba. Mwaka 1750 KK hivi mteja wake Nanni alimwandikia barua ya udongo, iko British Museum, akimlaumu kwa shaba mbovu na kwa kuwadharau wajumbe wake. Watu siku hizi wanamfanyia mzaha. Mimi nimeisoma kama hati ya kazi, na kilichonigusa ni pale Nanni anapomkumbusha kuwa makubaliano yao yameandikwa kwenye bamba lenye muhuri lililowekwa katika hekalu la Shamash. Mteja mwenye karatasi zake hafai kuchezewa.

Siku ya 6, Alhamisi. Saar na Qal'at al-Bahrain

Asubuhi Saar. Ni mtaa mzima wa miaka ya 2000 KK: nyumba za mawe zimepangwa mistari, kila moja na chumba, ua, jiko, na katikati hekalu dogo lenye madhabahu yenye mgongo wa mwezi mwandamo. Waliochimba ni timu ya London na Bahareni, miaka ya 1990. Humu walikuta mihuri na lakiri zilizovunjika, ndani ya nyumba za watu wa kawaida. Si ikulu wala bohari ya mfalme. Nilikaa juu ya kizingiti nikawaza: mtu kafika nyumbani na mtungi wake, kavunja donge, kalitupa pembeni ya jiko, kaanza kupika. Kuna jua kali, upepo unapuliza vumbi, na mbali kidogo magari yanakwenda Saudia kwa daraja.

Mchana Qal'at al-Bahrain. Kilima chote ni mji juu ya mji, kutoka miaka ya 2300 KK hadi karne ya 16, na kileleni ngome ya Wareno. Sisi wa pwani tunawajua hao, tabia yao haikubadilika kutoka Mombasa. Wadenmaki wa P. V. Glob na Geoffrey Bibby walianza kuchimba hapa miaka ya 1950, na ndani tu ya lango la kaskazini, lile linaloelekea bahari, walikuta mihuri pamoja na mawe ya mizani ya mtindo wa Indus. Bibby aliona kuwa palikuwa pa watoza ushuru.

Nakubaliana naye bila kusoma ushahidi wa ziada. Mizani, muhuri, na mlango wa kuingilia: ofisi yangu ina vitu hivyo hivyo, imeongezewa feni tu. La maana zaidi ni yale mawe. Dilmun walipima kwa uzito wa Indus, si wa Mesopotamia. Anayekuuzia ndiye anayekuchagulia mizani.

Siku ya 7, Ijumaa. Njiani

Ndege mbili, na uwanja mmoja ambao sitautaja. Ofisa alitaka kuona ndani ya furushi. Nikamwomba nifungue mwenyewe, akawa ameshakata. Fundo moja tu, la pembeni, akaingiza mkono, akanusa udi, akarudisha. Nimelifunga upya kwenye kiti cha kungojea. Mafundo yako saba.

Siku ya 8, Jumamosi. Lothal

Kutoka Ahmedabad ni kilomita 80 hivi, ngano na pamba pande zote, ardhi tambarare kama mkeka. Dereva hajui Kiingereza, mimi sijui Kigujarati. Tulianza na gari, neno la lugha zote mbili, tukaongeza chai, tukafika kwenye pesa, na hayo yalitosha njia nzima.

Lothal ulikuwa mji wa watu wa Indus, na mwanaakiolojia S. R. Rao alipachimba kuanzia mwaka 1955. Kitu cha kwanza unachokiona ni lile bwawa: mita 214 kwa 36 hivi, kuta za matofali ya kuchoma, yamenyooka utadhani fundi kaondoka jana. Rao alisema ni gati la ndani, vyombo viliingia na maji yakijaa. Wapo waliobisha wakasema ni hodhi la maji tu. Nilizunguka kingo zote mbili ndefu nikijaribu kuwa na maoni. Nimeona maji ya kijani, kunguru, na ukingo wa upande wa mji ambao kwa kweli unafanana na mahali pa kushushia mizigo. Lakini mtu wa bandari huona gati kila mahali, kwa hiyo msinisikilize.

Bahari imejiondokea mbali siku nyingi.

Hatua chache kutoka bwawani ndiko nilikosafiria. Jukwaa la matofali mabichi, kimo cha zaidi ya mita tatu, na juu yake majukwaa madogo ya mraba yaliyotenganishwa na njia nyembamba. Yalikuwa 64 kwa mpango, yamebaki 12. Hii ndiyo bohari. Njia zile zilipitisha hewa chini ya mizigo, isiote ukungu. Juu kulikuwa na mbao, na siku moja kukawaka moto.

Fikirieni hasara ya siku ile. Mizigo imeungua, paa limeanguka, wenye mali wamesimama nje. Na katika zile njia nyembamba, madonge ya udongo yaliyokuwa yamebandikwa kwenye kamba yakadondoka, yakaungua yakawa magumu kama vigae. Rao alikuta 65. Bohari isingeungua, mvua za masika mawili matatu zingeyarudisha kuwa tope, na tusingejua kitu.

Nilikuwa na picha za migongo yake mkononi. Kuna alama za mkeka, za matete, za nguo iliyofumwa, za kamba iliyosokotwa, unahesabu nyuzi. Usoni mengi yana yule mnyama wa pembe moja, na maandishi ambayo hayajasomwa hadi leo. Tunajua walivyosokota kamba kuliko tunavyojua majina yao. Na baadhi ya madonge yamepigwa mihuri zaidi ya mmoja. Hapa ndipo nilipojisikia nyumbani. Makisio yangu, ya kikazi tu: sahihi mbili. Mzigo hautoki mpaka mwenye mali apige wake na mwenye bohari apige wake.

Katika makumbusho ya pale, mihuri iko, shanga za akiki ziko, za karakana ya hapo hapo. Akiki ya Gujarat ndiyo iliyofika makaburi ya wafalme wa Ur, na karne nyingi baadaye ikavaliwa pwani yetu. Juu ya ardhi Lothal paliokotwa pia muhuri wa mviringo wa mtindo wa Ghuba, wa jamii ya niliowacheka Manama. Kwa hiyo mtu alikwenda, na mtu alikuja.

Nje, karibu na shimo la maji, niliokota udongo kidogo, nikaufinyanga, nikaubandika juu ya fundo la kamba ya kiatu changu na kugandamiza kifungo cha shati. Mlinzi aliita mwenzake waje watazame. Kwa dakika kumi ilikuwa lakiri nzuri sana. Kisha jua likaipasua vipande vitatu. Udongo niliouchukua una mchanga mwingi. Wao walichagua mlaini, wakaukanda. Lakini kipande kimoja kikageuka mkononi, na mgongoni kamba ilionekana yote, hadi pale ilipochakaa kwa kukanyagwa. Mlinzi alikitazama, akatazama kiatu changu, akacheka. Nilikiacha pale pale.

Siku ya 9, Jumapili. Ahmedabad

Tumbo. Sitaandika zaidi.

Siku ya 10, Jumatatu. Unguja

Nilifika nyumbani magharibi. Mama aliniuliza habari za shangazi, habari za binamu, kama nimekula, huku vidole vyake vikipita juu ya kamba kimoja kimoja. Alifika saba. Nikashusha pumzi. Akarudi nyuma hadi la tano, la pembeni, akaligeuza kwenye taa akaliangalia kwa chini.

"Hili si la wifi yangu," akasema. "Nani kafungua?"